Kivu: Wanafunzi wanasoma kompyuta kwenye ubao

Katika shule nyingi za sekondari za Bukavu, Goma na Butembo, somo la kompyuta linaanza kwa chaki. Mwalimu anachora kwenye ubao: hapa skrini, hapa klavye. Wanafunzi wananakili, wanakariri, na siku ya mtihani wanaeleza vizuri kifaa ambacho wengi wao hawajakigusa hata mara moja.

Programu ya serikali haina kosa hapo. Tangu mageuzi yaliyoanza 2018 katika darasa la 7 na la 8, teknolojia ya habari na mawasiliano inafundishwa ndani ya masomo ya sayansi, pamoja na fizikia. Vinavyokosekana ni vifaa, walimu waliofundishwa kazi hiyo, na umeme. Shule yenye kompyuta kumi ikikosa moto saa ya somo, inarudi kwenye chaki.

Hasara inaonekana chuoni. Mwanafunzi anayemaliza anatakiwa kutoa kazi yake ya mwisho ikiwa imechapwa. Asiyejua kuchapa anaiandika kwa mkono, kisha anaipeleka kwenye sekretariati, zile nyumba ndogo zenye kompyuta moja ao mbili ambazo hazikosekani karibu na vyuo. Analipa kwa kila ukurasa. Mwalimu anayemwongoza akisahihisha, anarudi kulipa tena. Baadaye atalipa hata barua ya kuomba kazi. Na mfumo wa LMD, ulioingia katika vyuo vikuu vya nchi kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unamtaka mwanafunzi ajitafutie mengi mwenyewe, nje ya saa za darasa.

Simu, hata hivyo, ziko nyumbani. Matokeo ya Exetat yakitoka, familia nzima inayatafuta kwa ujumbe wa simu. Lakini shuleni simu ni kitu cha kunyang'anywa, na sababu inaeleweka: imesaidia wengi kuiba mitihani. Ni ajabu kidogo kwamba kifaa kinachotangaza diploma hakina nafasi katika masomo yanayoileta.

Na si lazima kununua mega kila siku. Programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure, inawezesha kusoma Wikipedia ya Kifaransa bila intaneti. Toleo lisilo na picha linaingia kwenye kadi ndogo ya simu ya GB 32. Kolibri nayo inaweka masomo na mazoezi kwenye kompyuta moja, na wanafunzi wanayafungua kwa simu zao wakiwa karibu nayo. Shule ikipata kompyuta moja nzima na bamba la jua, inaweza kuanza. Mwaka 2020, Covid ilipofunga shule, masomo yalipita hata kwenye redio.

Linabaki swali la pesa. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi. Katika sekondari, mzigo unarudi kwa wazazi, na huko Goma na Bukavu wengi wao hawajapata nafuu tangu vita vilipofunga benki mwanzoni mwa 2025. Mzazi anayetafuta minervali ya mtoto kwa shida atakuwa mgumu kuchangia kompyuta, isipokuwa shule imwonyeshe kwanza nani ataitunza na watoto wataitumia saa ngapi kwa juma.