Kabla ya kuuza michikichi

Ndugu wafanyakazi wa Rumonge, vijana wetu wenye digrii sasa wanatafuta MBA, yaani shahada ya pili ya uongozi wa biashara. Wafanye uchaguzi gani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichojitegemea mwaka 1970, au Mzumbe, karibu na Morogoro, kilichokuwa chuo kikuu mwaka 2001?

Vyote ni vya umma, vyote hufundisha kwa Kiingereza, na kijana wetu amesoma kwa Kifaransa. Basi jina lisitangulie. Aulize kwa barua: karo yote ni kiasi gani? Chumba na chakula je? Yapo masomo ya jioni? Mwajiri wa Burundi ataitambua shahada hiyo?

Mchikichi mpya huzaa baada ya miaka mitatu au zaidi. Tusiuze shamba kabla ya majibu.