Kwa Nini Kisima Huongezeka Chumvi Pampu Ikizidishwa?

Kaunti ya Wajir haina mto wa maji ya kudumu. Wakati wa kiangazi, wakazi wa Hadado na maeneo jirani, pamoja na mifugo yao, hutegemea maji ya ardhini. Ndiyo maana inafaa kila mkazi aelewe jinsi chumvi inavyoingia kisimani, na jinsi ya kuichelewesha.

Maji hayalingani uzito

Maji ya ujazo sawa yanaweza kutofautiana uzito. Uzito wa ujazo fulani huitwa densiti, na hubadilishwa na mambo mawili: joto na chumvi.

Joto hupanua maji na kuyafanya mepesi. Tangi la lita 1,000 za maji yasiyo na chumvi lina uzito wa takriban kilo 998 yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na kilo 992 yakifika nyuzi 40. Kwa hiyo, tangi likipigwa na jua, maji ya juu huwa moto kuliko ya chini.

Chumvi hufanya kinyume. Ukiyeyusha gramu 10, yaani takriban vijiko viwili vidogo, katika kila lita, tangi hilo litaongezeka karibu kilo 7. Maji ya bahari yenye gramu 35 kwa lita hufikia takriban kilo 1,025.

Jaribu nyumbani

Yeyusha vijiko vinne vya chumvi katika nusu glasi ya maji. Chukua chai ya rangi isiyo na sukari, iliyopoa kabisa, uimimine polepole sana juu ya kijiko kilichogusa maji hayo. Chai itaelea juu. Ukikoroga, vitachanganyika na havitatengana tena.

Chini ya ardhi

Huko chini joto halibadiliki sana, hivyo tofauti kubwa huletwa na chumvi. Mahali penye maji ya aina zote mbili, maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi. Kuchimba zaidi basi si lazima kulete maji bora.

Maji ya chumvi pia yanaweza kuwa pembeni. Hifadhi ya maji ya ardhini ya Merti, inayotoka upande wa Isiolo kupitia Habaswein na Dadaab kuelekea Somalia, ina maji matamu katikati na ya chumvi kando kando.

Pampu ikivuta kwa nguvu na kwa saa nyingi mno, maji matamu hupungua na yale ya chumvi hupanda chini ya kisima, yakiwa na umbo la kichuguu. Yakifika kwenye pampu, ladha hubadilika. Pampu ikizimwa, uzito huyarudisha chini, lakini polepole mno.

La kufanya

• Kamati za maji zifuate kiwango na saa za kuvuta maji zilizowekwa baada ya kisima kupimwa. Kuvuta kidogo kwa muda mrefu ni salama kuliko kuvuta kwa kishindo.

• Chumvi ipimwe mara kwa mara na kuandikwa kwenye daftari. Ikianza kupanda, punguzeni kasi ya pampu na mwarifu ofisi ya maji mapema.

• Kabla ya kuchimba kisima kipya, pateni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Visima vilivyokaribiana hunyang'anyana maji.

• Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Kuacha maji yatulie tangini pia hakusaidii, kwani chumvi iliyoyeyuka haizami.

• Maji ya mvua yawekwe kwa ajili ya kunywa, hasa kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa madini yakizidi gramu 1 kwa lita, ladha ya maji huzidi kuharibika. Ngamia huvumilia chumvi kuliko ng'ombe, hivyo kisima kisichofaa nyumbani huenda bado kikawafaa.

Kisima kilichoingiwa na chumvi ni vigumu kukirejesha. Kukitunza kungali kitamu ni jukumu letu sote.