Karata, Bao na Ubongo wa Mzee: Kutoka Meza za Briji hadi Vibaraza vya Mbalibali

Mwezi Agosti 2018, katika Michezo ya Asia iliyofanyika nchini Indonesia, wachezaji wa karata za briji waligombea medali za michezo hiyo kwa mara ya kwanza. Dhahabu ya wanaume wawili wawili ilichukuliwa na Wahindi, Pranab Bardhan mwenye umri wa miaka 60 na Shibhnath Sarkar mwenye miaka 56. Mwenyeji wao, Michael Bambang Hartono, alivikwa medali ya shaba akiwa na miaka 78. Mashindano yanayomwezesha mtu wa umri huo kukaa mbele ya kijana na kumshinda ni machache mno. Kwa sisi tunaotibu wazee, habari hiyo si ya michezo pekee. Inatukumbusha kwamba uzee na kupotewa na akili ni mambo mawili tofauti, na kwamba lipo jambo la kujifunza kwa watu wanaoendelea kuutumia ubongo wao hadi uzeeni.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu akimkabili mwenzi wake mezani. Karata 52 hugawanywa, kila mmoja akapata 13. Kwanza hufanyika mnada, ambapo wachezaji hutaja kwa zamu idadi ya mizunguko wanayoahidi kushinda na aina ya karata itakayokuwa turufu. Kisha karata huchezwa, na kubwa hula ndogo. Katika mashindano, karata zilezile huchezwa katika kila meza, hivyo anayeshinda hawezi kusema amebahatika, wala anayeshindwa hawezi kulaumu bahati. Shirikisho la Dunia la mchezo huu liliundwa mwaka 1958 na limegawanyika katika kanda 8, Afrika ikiwa kanda ya nane. Mwaka 2023 mashindano ya dunia ya timu yalifanyika Marrakech, nchini Moroko.

Katika kata ya Mbalibali na vijiji vingine vya wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, ni wachache watakaolitambua jina la briji. Hata hivyo undani wake si mgeni kwa Mswahili. Majina yetu ya karata, yaani kopa, uru, shupaza na pau, yametokana na Kireno, na michezo yetu yenye turufu ni jamaa wa karibu wa briji. Pale karata zinapokosekana, vizibo vya soda hugeuka kete za drafti juu ya ubao uliochorwa kwa mkaa. Na bao lina heshima ya pekee katika mkoa huu: Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alijulikana kwa kulipenda. Kwa hiyo tunapozungumzia faida na hasara za michezo ya akili, hatuhitaji kuagiza meza kutoka ng'ambo. Meza tunazo tayari.

Kinachofanyika ubongoni

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika hatua ya namua huziingiza moja moja. Kabla hajaigusa kete, hana budi kuona akilini mwake itakapoishia, itakachokula, na jibu la mpinzani litakavyokuwa. Mcheza karata naye hukumbuka zilizokwisha kutoka, hukadiria zilizobaki mikononi mwa wengine, na husoma nia ya mwenzi wake bila kuambiwa. Kazi hizo huhusisha uwezo wa kushika jambo kwa muda mfupi, umakini, upangaji na uamuzi. Juu ya hayo yapo mazungumzo, utani na kicheko, ambavyo navyo ni mazoezi ya ubongo.

Wataalamu huzungumzia akiba ya ubongo. Mtu aliyeutumia ubongo wake kwa elimu, kazi na michezo huweza kustahimili uharibifu fulani wa chembe zake kabla dalili hazijajitokeza, kama vile kaya yenye ghala lililojaa inavyostahimili msimu mbaya. Ghala halizuii ukame, huchelewesha njaa.

Ushahidi na mipaka yake

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika New York, Marekani, uliowafuatilia watu 469 waliozidi umri wa miaka 75 kwa wastani wa takribani miaka 5. Kati yao 124 walipata maradhi ya usahaulifu yaitwayo dimenshia. Waliokuwa wakicheza michezo ya ubaoni na karata, wakisoma, wakipiga ala za muziki au wakicheza dansi walipata maradhi hayo kwa kiwango kidogo kuliko wenzao.

Ni matokeo ya kutia moyo, lakini yasomwe kwa hadhari. Dimenshia huanza taratibu, miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Inawezekana wengine waliacha kucheza kwa sababu ubongo wao ulikuwa umeanza kudhoofu, wala si kwamba ulidhoofu kwa sababu waliacha kucheza. Kwa hiyo hatuwezi kumwahidi mtu kwamba bao litamkinga. Tunachoweza kusema ni kwamba mchezo ni sehemu ya maisha yanayoulinda ubongo.

Sehemu nyingine zinajulikana vyema zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoandaliwa na jarida la Lancet liliorodhesha vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana navyo. Miongoni mwake ni elimu duni, kupungua kwa usikivu na uoni, shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa tumbaku, ulevi, majeraha ya kichwa, kutofanya mazoezi, sonona na upweke. Kibaraza cha bao huuondoa upweke. Lakini kibaraza hichohicho kikitawaliwa na sigara, pombe na kamari, kinatoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine.

Mwenzi wa mezani ndiye shahidi wa kwanza

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi hayo. Nyumbani dalili za mwanzo hufichika, kwa kuwa mzee hufanyiwa mengi na wanawe. Mezani hazifichiki kwa urahisi. Aliyekuwa fundi wa bao anaanza kupoteza hesabu ya kete, anauliza mara tatu ni zamu ya nani, anasahau kanuni aliyowafundisha wengine, au anagombana na rafiki wa miaka 40 akidai ameibiwa.

Hapo ndipo jambo zito linapoanza. Wachezaji wakimcheka, mzee huona haya na kuacha kuja. Akiacha kuja, hukaa peke yake, na hali huzidi. Baadaye hutoka usiku, hupotea njia, akakutwa kwenye boma la jirani asiweze kujieleza. Katika Kanda ya Ziwa, ambako wazee, hasa wanawake wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, wamewahi kusingiziwa uchawi na hata kuuawa, mwenendo wa namna hiyo unaweza kugharimu maisha. Mzee anayetangatanga si mchawi. Ni mgonjwa, na anastahili kupelekwa zahanati kama angepelekwa aliyevunjika mguu.

Wala si kila usahaulifu ni dimenshia. Mtoto wa jicho humfanya mtu asizione kete vizuri. Nta iliyoziba sikio humfanya asisikie alichoulizwa. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kwa udhaifu, kaswende, virusi vya UKIMWI, damu iliyovujia juu ya ubongo baada ya kuanguka, na hata baadhi ya dawa zinaweza kuvuruga kumbukumbu. Mengi ya hayo hutibika, na ndiyo maana kuwahi kuna maana. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hapaswi kusubiri hata kidogo: huenda ana maambukizi, sukari iliyoshuka au kiharusi.

Kwa wahudumu wa afya

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Upo mtihani mfupi uitwao IDEA, uliotayarishwa kwa kuzingatia wazee wa Tanzania na Nijeria ambao wengi hawakupata shule. Mzee huombwa kukumbuka maneno 10 baada ya muda, kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na kuiga umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Penseli haihitajiki. Anayepata alama za chini apimwe macho, masikio, shinikizo la damu na sukari, dawa zake zikaguliwe, kisha apewe rufaa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye asisubiri wazee wamfuate. Aende wanapokusanyika. Kipimo cha shinikizo la damu kinachowekwa kando ya ubao wa drafti asubuhi moja kitawafikia wanaume wengi ambao hawaonekani kliniki. Awaulize pia wachezaji swali moja: nani aliyekuwa akija hapa na sasa haji?

Tusiwasahau wanawake. Vibaraza vingi ni vya wanaume, ilhali wanawake wazee ndio wanaobaki nyumbani na wajukuu na jiko la moshi. Kwao kusuka vikapu pamoja, kuimba, kusimulia hadithi na kutegeana vitendawili hufanya kazi ileile. Wilayani Hai, tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi ilijaribiwa kwa wazee wenye dimenshia, na utambuzi wao uliboreka. Msingi wa tiba hiyo ni mambo ya aina hii: mazungumzo, kumbukumbu za zamani na michezo inayofahamika.

Kwa wachezaji na jamaa zao

Chezeni mara kwa mara, lakini simameni kila baada ya nusu saa na kutembea kidogo, kwa kuwa kukaa mchana kutwa kunadhuru moyo na miguu. Tumbaku na pombe visikaribie ubao, wala fedha ya chakula isiwekwe dau. Mwenye dawa za shinikizo la damu asiache kuzimeza kwa sababu mchezo umenoga. Mfundisheni mzee mchezo asioujua, kwani jambo jipya huutuma ubongo zaidi kuliko lililozoeleka.

Na mwenzenu akianza kukosea, msimwondoe mezani. Mpeni muda, mpunguzieni kanuni, mchezeni wawili dhidi ya wawili ili awe na wa kumsaidia. Kisha mmoja wenu aongozane naye hadi zahanati, na siku inayofuata ampitie nyumbani kwake waende pamoja barazani.