"Huu Si Muziki," "Hili Si Shairi"

Santuri ya kwanza ya Wendy Carlos, *Switched-On Bach*, ilitolewa na kampuni ya Columbia nchini Marekani mnamo 1968. Ndani yake mna tungo za Johann Sebastian Bach, bingwa wa Kijerumani aliyefariki mwaka wa 1750, lakini hamna fidla wala filimbi. Sauti zote zatokana na sintesaiza, mtambo wa umeme uliobuniwa na Robert Moog.

Wahafidhina walihamaki. Kwao hiyo ilikuwa kufuru, si muziki. Mpiga piano mashuhuri Glenn Gould, kwa upande wake, aliisifu waziwazi, na mnamo 1970 ikatunukiwa tuzo 3 za Grammy. Kufikia 1986 ilikuwa imethibitishwa kuuza nakala 1,000,000 huko Marekani.

Kauli ya "si muziki" ni nduguye ile ya "si shairi", ambayo wanamapokeo wetu waliitumia dhidi ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974), na ambayo baadhi yetu walimu tungali twaiandika pambizoni mwa karatasi za wanafunzi.

Waliodhani kuwa mtambo ulijipiga wenyewe hawakujua kazi iliyokuwapo. Sintesaiza ile ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Carlos alirekodi kila mkondo wa sauti peke yake, kisha akaipandanisha katika utepe; na kwa kuwa mtambo ulipotoka sauti kila mara, ilimbidi asite, aurekebishe, aanze tena.

Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba ukiziondoa kete za sataranji za mti ukaweka za pembe, mchezo haubadiliki. Ndivyo ilivyo hapa: sauti ni ngeni, lakini mikondo ya Bach ingali inakimbizana na kujibizana vilevile.

Ila pana mahali ambapo Saussure hatoshi. Katika Brandenburg ya tatu, sehemu ya pili, Bach aliandika kodi mbili tu. Carlos alilijaza pengo hilo kwa ubunifu wake. Hapo ndipo mhakiki angeuliza: je, kilichobuniwa chapatana na kilichotangulia na kinachofuata? Mimi nimesikiliza, nami naona mbwembwe zimezidi kidogo. Lakini huo ni upungufu ninaoweza kumwonyesha mwanafunzi kwa kidole, naye akanibishia.