Maumivu ya Miguu na Mkazo wa Misuli

Tangu mtu aamkapo hata alalapo, miguu yake huchukua mzigo wa mwili wote, nayo haikumbukwi ila siku ile inapouma. Ikiuma, watu huwa na majibu tayari: mmoja atasema ni uchovu, wa pili atasema ni baridi, wa tatu atasema ni mkono wa jirani mwenye kijicho. Ubaya wa majibu haya ni kwamba hutolewa kabla ya mgonjwa kuulizwa neno. Maumivu ya miguu hayana chanzo kimoja. Yako yapitayo kwa dakika tatu, tena yako yawezayo kumwacha mtoto kiwete, au kumwua mtu mzima katika siku chache. Kwa hiyo yafaa tujue kuyapambanua.

Tuanze na lile lijulikanalo na wengi. Mtu amelala, ajinyosha kidogo usingizini, na mara shavu la mguu lashikwa, lawa gumu kama jiwe, hata aamka kwa kelele. Au mchezaji wa mpira, mchezo ukikaribia kwisha, huanguka chini bila kuguswa na mtu. Watu husema, "Mshipa umemkaza." Kwa kweli kilichokaza si mshipa bali ni msuli, yaani ile minofu ivutayo mifupa. (Msuli huu si ile nguo wavaayo wanaume kiunoni, ijapokuwa jina ni moja.)

Msuli hauwezi kusukuma. Kazi yake ni kuvuta tu. Misuli ya shavu la mguu imeunganishwa na mfupa wa kisigino kwa kano nene, ambayo waweza kuishika kwa vidole viwili juu kidogo ya kisigino chako. Misuli hiyo ikijikunja, kisigino huinuka nawe wasimama kwa ncha za vidole. Amri ya kujikunja hutoka katika ubongo, hupita katika uti wa mgongo, na kufika msulini kwa njia ya mishipa ya fahamu. Lakini msuli nao hupeleka habari. Ndani yake mna vitu vidogo sana vilivyo kama walinzi, ambavyo hutambua msuli unaponyoshwa na kuuchochea ujikunje. Na katika kano mna walinzi wengine, ambao hutambua kano inapovutwa kwa nguvu, nao huutuliza msuli ulegee. Siku zote wachochezi na watulizaji hao huwa sawasawa, kama watu wawili wachukuao mzigo kwa mti mmoja mabegani. Msuli ukichoka mno, wachochezi huzidi na watulizaji hupungua, na msuli hujikunja pasipo amri wala haulegei.

Ukijua hayo, dawa yake yaeleweka pasipo kuambiwa. Keti, nyosha goti, shika vidole vya mguu na kuvivuta kuelekea kwako, polepole wala si kwa ghafula. Kano ikivutwa, wale watulizaji huamka na kufanya kazi yao, na baada ya muda kidogo msuli hulegea. Tena waweza kuona kwa nini mkazo hupenda kuja usiku. Mtu alalapo, nyayo zake huelekea chini, misuli ya shavu hufupika, na kano yalegea. Kwa hiyo hapana kinachowaamsha watulizaji. Wazee na wanawake waja wazito husumbuliwa zaidi na mkazo wa usiku. Wengi huona nafuu wakinyosha miguu yao kabla ya kulala.

Mwogeleaji naye hupiga maji hali vidole vya miguu vimenyoshwa, basi huweza kushikwa mbali na ukingo. Hapo mkazo wenyewe hauui. Kinachoua ni hofu. Mwenye kushikwa asipigane na maji. Na alale chali, avute pumzi, aelee, kisha avivute vidole vya mguu kuelekea kwake hata uchungu upungue, ndipo arudi pwani kwa mikono na kwa mguu ulio mzima. Wala asiogelee tena siku ile, kwa maana msuli uliokwisha kaza mara moja hukaza tena upesi.

Je, kwa nini mtu mmoja hushikwa na mwenzake hashikwi? Hapa wataalamu wenyewe wamebishana muda mrefu. Mwaka 1923 Mwingereza aitwaye K. Neville Moss aliandika habari za wachimbaji wa makaa ya mawe, waliofanya kazi ndani ya mashimo yenye joto kali. Watu hao walitoka jasho jingi, wakanywa maji matupu kwa wingi, kisha wakashikwa na mikazo mikali ya miguu, mikono na tumbo. Jasho si maji peke yake; lionje, utaona lina chumvi. Wachimbaji walirudisha maji mwilini bila kurudisha chumvi. Walipotiwa chumvi kidogo katika maji yao ya kunywa, walipata nafuu. Habari kama hiyo ilionekana huko Marekani, lilipojengwa boma kubwa la kuzuia maji ya mto Colorado, ambalo leo huitwa Hoover. Kazi ilianza mwaka 1931, na katika joto la mwaka ule vibarua kadhaa walikufa. Mwaka uliofuata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walikwenda huko, wakapima damu na jasho la wafanya kazi, wakaona ya kuwa wale waliobanwa na misuli walikuwa wamepungukiwa na chumvi.

Basi kwa miaka mingi watu walisema, kila mkazo ni upungufu wa maji na chumvi. Lakini wataalamu wa Cape Town, huko Afrika ya Kusini, hawakuridhika. Mwaka 1997 Martin Schwellnus na wenzake walitoa yale maelezo ya uchovu wa msuli niliyoyasimulia juu. Na mwaka 2004 walitangaza matokeo ya kuwapima watu walioshindana katika mbio za kilomita 56. Walilinganisha damu za waliobanwa na misuli na za wale wasiobanwa, wala hawakuona tofauti ya maji au chumvi iwezayo kueleza ule mkazo. Pia mwaka 2010, huko Marekani, Kevin Miller na wenzake waliwanywesha watu maji ya achari ya matango, na mkazo ukaisha upesi, kabla maji yale hayajapata nafasi ya kuingia katika damu. Yaelekea ule ukali wa siki hugusa mishipa ya fahamu ya kooni, nayo hupeleka habari ya kuutuliza msuli.

Nionavyo mimi, kila upande umeshika sehemu ya kweli. Afanyaye kazi kutwa katika joto kali na kutoka jasho jingi, na arudishe maji pamoja na chakula chenye chumvi. Lakini akimbiaye kupita alivyojizoeza atabanwa hata akinywa mtungi mzima. Wala mtu asidhani kwamba kula chumvi kwa konzi ni kinga. Chumvi nyingi huleta ugonjwa wa shinikizo la damu.

Liko jambo moja ambalo hapo upungufu wa maji na chumvi hauna ubishi, nalo ni kipindupindu. Mgonjwa huharisha maji mengi, na mashavu ya miguu yake hukaza kwa uchungu mkubwa. Ugonjwa huu uliingia Unguja katika miaka ya 1869 na 1870 na kuua watu wengi sana; Dakta James Christie, aliyekuwa tabibu huko, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Siku hizo matabibu hawakuwa na dawa ya kufaa. Leo twajua kwamba aharishaye anyweshwe mara kwa mara maji yenye sukari na chumvi. Pakiti zake hupatikana zahanatini. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, wala usizidishe chumvi. Anyweshwe hayo hali anapelekwa hospitali.

Homa nazo huleta maumivu ya miguu. Malaria huumiza viungo vyote, hata mtoto hataki kusimama. Iko homa nyingine iletwayo na mbu, ambayo huumiza vifundo na magoti kuliko kawaida. Ilitambuliwa kwanza mwaka 1952 na 1953 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake, chikungunya, limetoka katika Kimakonde, kwa sababu mgonjwa hupindana kwa uchungu. Sasa jina hilo hutumiwa na madaktari duniani kote.

Lakini ugonjwa ambao ningependa mwujue zaidi ni ule uitwao konzo, kwa kuwa hutoka katika chakula chetu wenyewe. Neno hili ni la Kiyaka, lugha ya watu wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938, alipokusanya habari za wagonjwa wa nchi ya Kwango. Mtu huamka asubuhi akiwa mzima, huenda shambani au hutembea mwendo mrefu, na ghafula miguu yake yote miwili yawa mizito, yatetemeka, kisha yakakamaa. Tangu hapo hutembea kwa shida, magoti yakigusana na visigino vikiinuka, na wengine hawasimami tena bila fimbo. Ugonjwa hauzidi, lakini pia hauponi. Aghalabu huwapata watoto na wanawake.

Chanzo chake ni muhogo mchungu usiotengenezwa vema. Muhogo huo una sumu, nayo hutoka mtu akiumenya, akauroweka siku kadhaa na kuuanika juani hata ukauke kabisa. Mababu walijua kazi hii vizuri. Taabu huja wakati wa njaa. Mvua zikikosa, mahindi hufa lakini muhogo mchungu hubaki. Tena katika ukame sumu yake huzidi. Watu wenye njaa hawawezi kungoja siku nyingi, hufupisha kazi, na pamoja na ugali huo hawana samaki, nyama wala maharage, vyakula ambavyo husaidia mwili kuishinda sumu. Ndivyo ilivyokuwa Nampula, nchi ya Msumbiji, mwaka 1981, hata watu zaidi ya 1,000 wakapooza miguu. Na ndivyo ilivyokuwa Tarime, Tanzania, mwaka 1985. Mahali kama hapo, nyumba mbili au tatu zikipatwa kwa mwezi mmoja, ni rahisi kusema pana mchawi. Lakini mchawi ni njaa na haraka. Siku mbili za kuroweka muhogo zilizopunguzwa huweza kumgharimu msichana miguu yake maisha yote.

Watu wazima wana maumivu yao. Mvuta tumbaku wa miaka mingi huweza kuona kwamba akitembea mwendo fulani shavu la mguu lamwuma, akisimama laacha, akiendelea larudi. Huo si uvivu. Mishipa ya damu ya mguu imeziba nusu. Na mtu ambaye mguu wake mmoja tu umevimba, una joto na wauma, hasa baada ya kulala kitandani siku nyingi au baada ya kuzaa, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mguu huo usikandwe hata kidogo. Donge la damu likikatika, husafiri hata mapafuni, na mtu hufa ghafula.

Tumalizie na watoto, kwa kuwa wengi wenu mna wadogo zenu nyumbani. Mtoto aliyecheza mchana kutwa huweza kulia jioni kwamba miguu yote miwili yamwuma. Akisuguliwa kidogo hulala, na asubuhi akimbia kama kawaida. Hapo pasiwe na hofu. Lakini yuko mtoto ambaye maumivu yake hurudi mara kwa mara, hasa wakati wa baridi au homa, naye ana macho ya manjano na damu haba. Huyo huenda ana selimundu, ugonjwa wa kurithi, ambao chembe za damu hupinda kama mundu na kukwama katika mishipa midogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa namna hiyo, na damu ikipimwa hujulikana. Anapaswa kunywa maji mengi, kukingwa na baridi, na kutunzwa na daktari.

Na yuko mtoto wa tatu. Huyu ana homa, mguu wake mmoja wamwuma mahali pamoja usiku na mchana, hataki uguswe wala kukanyaga chini. Nyumbani watasema aliteguka mchezoni, watamkanda kwa maji ya moto na kumpaka mafuta siku nne au tano. Nao usaha umo ndani ya mfupa. Dawa ikianza mapema, mfupa hupona. Ikichelewa, mfupa hufa vipande vipande na mguu hutoa usaha kwa miaka. Mtoto huyo asikandwe wala asichanjwe, bali achukuliwe hospitali siku ile ile, ijapokuwa ni mbali.