Kitabu Kipi Kwanza kwa Mtoto Anayesomea Ualimu?

Kila mwaka mpunga ukisha kuvunwa, hapa Viwanja Sitini huniijia mzazi mwenye karatasi mkononi. Mtoto wake yuko chuo cha ualimu, naye ameandika majina ya vitabu saba au nane vya kujifunza namna ya kupanga mafunzo. Fedha zilizopo zatosha viwili tu. "Karani, wewe ulipita chuo. Tuanze na kipi?"

Swali hilo si dogo. Mpunga ule umelimwa, umepaliwa, umeamiwa ndege. Kitabu kisichofaa ni gunia lililotupwa mtoni.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilinunua kitabu kinene kuliko vyote, cha Kiingereza kigumu, nikidhani unene ndio elimu. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, niliwasemea watoto wa darasa la tatu maneno yake nusu saa nzima. Nilipouliza swali, hakuna aliyenyosha mkono. Nilikuwa nimejifunza kusema habari za mafunzo, si kupanga somo.

Kupanga mafunzo ni kama kupikia wageni. Mama hujua kwanza ni akina nani watakaokula, kisha huchagua chakula, hupanga kipi kitangulie jikoni, na mwisho huonja. Mwaka 1949 Mmarekani Ralph Tyler aliandika kitabu kidogo chenye maswali manne yanayofanana na hayo: Twataka kufikia nini? Mwanafunzi afanye nini ili afike? Mambo hayo yapangwe vipi? Tutajuaje kwamba amefika? Mwaka 1962 mwenzake Robert Mager alitoa kitabu kingine chepesi. Alifundisha kwamba lengo la somo liseme wazi mwanafunzi atatenda nini, katika hali gani, na kwa kiasi gani cha ubora.

Wala tusidhani hekima hiyo ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, akiuliza elimu yetu ni ya kumtengeneza mtu wa namna gani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapata milioni mbili walikutana katika vikundi kwa wiki 12, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu vya Kiswahili chepesi, wakijadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Lakini lengo halikuwa kujua tu. Kila kikundi kilitakiwa kuamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Wakuu wa vikundi walifundishwa kwanza, ndipo wakaongoza wenzao. Mwanachuo akisoma habari za kampeni hiyo ataona maswali manne ya Tyler yakitembea kwa miguu.

Basi, shauri langu ni hili. Kwanza, mtoto awe na muhtasari wa somo atakalofundisha, unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, maana bila huo hajui aendako. Pili, anunue kitabu kimoja kidogo cha misingi, katika lugha anayoielewa vema. Tatu, atafute maandishi yenye mifano ya nchini mwetu. Vile vinene avisome maktabani, au wanachuo wachangiane kununua kimoja.

Kabla ya kulipa, akijaribu kitabu hivi: asome sura moja, akifunge, kisha aandike andalio la somo moja, mathalani namna ya kujikinga na malaria. Akiweza kusema watoto watatenda nini na atajuaje kwamba wameelewa, kitabu kinafaa. Akishindwa, akirudishe rafuni, hata kama mwalimu wake amekisifu.

Mama mmoja alinisikiliza, akanunua kimoja tu, fedha iliyobaki ikawa nauli ya mwanawe kwenda mazoezini. Likizo ilipofika kijana alikuja kunionyesha andalio lake. Lilikuwa ukurasa mmoja. Nilimuuliza watoto walifanya nini. Akacheka: "Karani, walinyosha mikono wote, nikakosa wa kumchagua."

Hapo gunia la mama lilikuwa limezaa.