Maji Ndani ya Mazutu Yanaua Moteri

Mashini ya kusaga ikizima hapa Shasha, mama anabeba mihogo yake mpaka Sake, na watoto wanangoja bugali hadi usiku. Mara nyingi kosa si la moteri, ni maji yaliyoingia katika mazutu. Yanatia pompa kutu.

Maji ni mazito kuliko mazutu, yanashuka chini. Acha bidoni itulie usiku mzima. Asubuhi mimina polepole; ya mwisho yasiingie tanki. Yatie katika chupa nyeupe, utayaona maji chini. Kitambaa safi kinashika mchanga, lakini hakizuii maji.

Mbele ya kuwasha, fungua vizi ya chini ya filtre, maji yatoke. Jioni jaza tanki: tanki tupu likipoa linatoa matone ndani.

Kungoja usiku mmoja ni rahisi kuliko kununua pompa.